Maranda ya aspeni na makumbi ya nazi: mapitio ya matandazo ya vizimba vya nyoka

Mapitio haya yanahusu matandazo ya aina mbili yanayouzwa karibu katika kila duka la wanyama wa kufugwa hapa Marekani, yaani maranda ya mti wa aspeni na makumbi ya nazi yaliyosagwa na kushindiliwa yakawa tofali, pamoja na maneno machache kuhusu karatasi, mchanga na magome. Yote nimeyatumia nyumbani kwangu Ohio, katika vizimba viwili vyenye nyoka wawili wasiofanana hata kidogo kwa mahitaji. Sifa ninayoitazama kwanza ni moja, nayo haiandikwi kwenye mfuko wowote: je, matandazo haya yanamwonyesha mfugaji uchafu mapema, au yanaufunika? Magonjwa mengi ya ngozi na ya kifua ya nyoka wa kizimbani huanzia kwenye unyevu mchafu alioulalia siku kadhaa bila mwenyewe kujua, kwa hiyo tandazo linaloficha mkojo na ukungu halinifai hata likiwa na picha nzuri ya msitu kwenye mfuko, nalo linaloanika kila doa nitalinunua hata likiwa halina sura.

Nyoka wa kwanza ni boa wa mchanga wa Kenya, Eryx colubrinus, jike, ambaye licha ya jina hilo hajawahi kuiona Kenya, kwa maana alizalishwa huku huku na wafugaji, kama walivyo wengi wa aina yake wanaouzwa siku hizi. Porini anapatikana kuanzia Misri hadi Tanzania, katika nchi kavu yenye udongo mwepesi, na sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha akiwa amejifukia ili aweze kumvizia panya au mjusi bila kujitoa nje. Majike hufikia sentimita 60 hadi 80 na madume ni mafupi zaidi. Kwa mnyama wa namna hiyo matandazo ndiyo nyumba yenyewe. Ukimwekea machache, umemfukuza kwake. Wa pili ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, ambaye hapendi kuchimba sana lakini anahitaji hewa yenye unyevu wa asilimia 55 hadi 75, la sivyo hujivua gamba vipande vipande na kubakiwa na ngozi kavu kwenye macho na ncha ya mkia. Boa anataka ukavu, chatu anataka unyevunyevu, na ndiyo sababu sioni maana ya swali ambalo watu huliuliza sana, la tandazo gani ni bora kwa nyoka, bila kutaja nyoka gani.

Niongeze hapa kwamba boa wote wa jamii hii wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, na kwamba kwa msomaji aliye Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumfuga mnyamapori bila kibali. Ninachokieleza ni mazoea ya nchi ambako wanyama hawa huzalishwa vizimbani na kuuzwa madukani, na hata huku si kila mahali, kwa sababu jimbo la Hawaii limepiga marufuku kumiliki nyoka wa aina yoyote.

Nianze na aspeni. Huu ni mti wa Amerika Kaskazini wa jamii ya mipopla, wenye mbao nyeupe na nyepesi isiyo na mafuta makali ya harufu yanayopatikana katika mwerezi na msonobari. Hilo ndilo lililoupa umaarufu. Maranda yake huuzwa kwa maumbo mawili: vipande vyembamba virefu vilivyochanwachanwa, na vijipande vifupi vinavyofanana na takataka za fundi seremala. Nilichonacho sasa ni Aspen Snake Bedding ya kampuni ya Zoo Med, ambayo ni ya umbo la kwanza, na kwa nyoka anayechimba sishauri umbo jingine. Vipande virefu hushikana. Boa akipita chini yake huacha nyuma yake njia iliyosimama bila kubomoka, na ukiinama kutazama pembeni, pale matandazo yanapogusana na kioo, utaiona njia hiyo ikikunja kuelekea upande wa joto, na pengine sehemu ya ubavu wake wa rangi ya chungwa na madoa ya kahawia ikiwa imetulia ndani. Vijipande vifupi humwangukia mgongoni kila anaposogea, kwa hiyo hukaa bila njia, akichimba upya kila mara.

Kina ndicho watu wengi hukibania. Mfugaji humwaga maranda ya kufunika tu sakafu ya kioo, kisha hulalamika kwamba nyoka wake hatulii na usiku kucha anapanda kona. Kwa boa wa mchanga mimi huweka sentimita 8, na upande wa baridi hufika 10. Ni vizuri kupiga hesabu kabla ya kwenda dukani, kwa sababu mifuko hupimwa kwa ujazo na jicho hudanganya: kizimba cha sentimita 90 kwa 45 kikitandikwa kina cha sentimita 8 kinahitaji zaidi ya lita 32, ilhali mfuko ulioandikwa kwoti 24 una lita zisizofika 23, tena zilizojaa hewa. Utahitaji miwili, na kitakachobaki kitatumika kujazia sehemu unazochota uchafu.

Sasa turudi kwenye kipimo changu. Aspeni ni nyeupe kama maziwa mabichi ikiwa mpya, na kila kilicholowa hubadilika rangi papo hapo. Nyoka hatoi mkojo wa maji matupu. Hutoa pia bonge gumu jeupe la asidi ya yuriki, ambalo huambatana na kimiminika kidogo na mara nyingi na kinyesi. Kimiminika hicho kikiingia katika maranda haya huyafanya kahawia na kuyagandanisha, kwa hiyo kinachochotwa ni bonge moja lenye mipaka, na maranda yaliyolizunguka hubaki makavu. Hata ule uchafu uliotolewa chini kabisa, ambao kwa boa ndio wa kawaida, huonekana kupitia kioo au husikika puani mapema, kwa sababu maranda haya hayana harufu yake yenyewe ya kuufunika. Hapo ndipo ninapoiweka aspeni mbele ya zote kwa nyoka wa nchi kavu.

Kasoro zake zipo na si ndogo. Ikilowa kwa maji ya kunywa na kuachwa, huota ukungu ndani ya siku chache, kwanza nyuzi nyeupe ambazo kwenye mbao nyeupe si rahisi kuziona, kisha madoa ya kijani. Ndiyo maana chombo cha maji cha boa kinapaswa kuwa kidogo, kizito, kisichopinduka, na kikae upande wa baridi juu ya kigae bapa badala ya kuelea juu ya maranda, maana akipita chini yake kitapinduka tu. Kwa sababu hiyo hiyo siwezi kumtandikia chatu aspeni. Unyevu anaouhitaji ndio hasa unaoiozesha. Kasoro ya pili ni vumbi, ambalo hutofautiana mfuko kwa mfuko. Niliwahi kununua mfuko, wa kampuni ambayo si lazima kuitaja, uliokuwa na unga mwingi chini kiasi kwamba robo yake haikufaa, na tangu hapo kila mfuko huupepeta nje, kiganja kwa kiganja, kwenye chekecheke yenye matundu makubwa kabla haujaingia ndani ya nyumba.

Kuhusu hofu ya nyoka kumeza vipande vya mbao, naona imekuzwa, ingawa haina budi kuheshimiwa. Boa wa mchanga hushambulia kwa upande akiwa bado amefukiwa, humburuta panya chini, na hapo vipande humganda panya wa kugandishwa aliyetoka kuyeyushwa akiwa na manyoya yaliyolowa. Mkaushe panya kwa tishu kwanza, kisha mpe juu ya jiwe bapa au kifuniko cha plastiki. Kipande kimoja au viwili vikimezwa na nyoka mwenye afya hupita; kinachostahili wasiwasi ni konzi nzima.

Jambo ambalo maelezo ya mifuko hayagusi kabisa ni uhusiano wa matandazo na joto. Wengi hupasha kizimba kwa mkeka wa umeme uliobandikwa chini ya kioo, na maranda makavu yenye kina ni kizuizi kizuri cha joto, kwa hiyo juu yake kunaweza kuwa baridi wakati kioo chenyewe kimewaka moto. Mfugaji anayepima joto la juu huona kipimo kiko chini, huongeza moto, na nyoka anayechimba huenda moja kwa moja kulala juu ya kioo na kuungua tumbo. Kitambuzi cha themostati, yaani kifaa kinachodhibiti joto la mkeka, kinapaswa kukaa pale nyoka atakapofika, yaani kwenye kioo juu ya mkeka au kati ya mkeka na kioo, na kwa boa mimi hukiweka kisizidi nyuzi 33 za Selsiasi. Yeyote asiye na themostati asitandike kina kikubwa juu ya mkeka, na kwa kweli asiutumie mkeka huo kabisa.

Kwa chatu nimeishia kwenye makumbi. Tofali la Eco Earth, ambalo pia ni la Zoo Med, hutiwa katika ndoo yenye lita 3 hadi 4 za maji ya uvuguvugu, na likisha kunywa maji yote hutoa lita 7 hadi 8 za kitu cha rangi ya kahawia iliyokolea, chenye harufu ya udongo baada ya mvua. Kampuni nyingine huuza makumbi yaliyokatwa vipande vya mraba badala ya kusagwa, na mimi huchanganya: yaliyosagwa chini, vipande juu. Yaliyosagwa peke yake yakikauka hugeuka vumbi laini linaloingia kwenye chombo cha maji, kwenye mashimo ya kuhisi joto yaliyo midomoni mwa chatu na kwenye pua zake, na yakilowa hujipaka kwenye magamba ya tumbo. Tabaka la vipande juu huondoa adha hizo zote mbili.

Mtu aliyekulia pwani hawezi kulipia makumbi kwa dola bila kutabasamu kidogo. Kule Unguja, vijiji vya mashariki kama Jambiani na Paje, kina mama huyafukia makumbi kwenye matope ya pwani kwa miezi, huyafukua yakiwa yamelainika, huyapondaponda na kutoa usumba wa kusokotea kamba. Nalitaja hili kwa sababu lina somo la moja kwa moja: makumbi yaliyolowekwa katika maji ya bahari hubaki na chumvi, na chumvi hiyo haimfai mnyama anayelala juu yake wala mmea unaooteshwa ndani yake. Tofali la duka la wanyama kwa kawaida limesuuzwa. Lile la duka la bustani huenda halikusuuzwa au limetiwa mbolea, kwa hiyo soma lebo, na ukiwa na shaka liloweke, likamue, umwage maji, urudie mpaka maji yatoke yakiwa na rangi hafifu.

Namna ya kulowesha ndiyo inayotenganisha kizimba kizuri cha chatu na kibovu. Mazoea ya kunyunyiza maji juu kila siku huyafanya matandazo yawe majimaji pale pale tumbo linapogusa, ilhali chini kumekauka, na ngozi ya tumbo inayolala juu ya majimaji kwa muda mrefu hutoa malengelenge, kisha magamba huoza. Fanya kinyume chake: mimina maji kidogo kwenye kona za kizimba, yateremke hadi chini yaenee, na uache sentimita moja au mbili za juu zikae kavu. Ukichota konzi moja kutoka chini na kuikamua, inapaswa kushikana bila kudondosha tone. Hapa Ohio wakati wa baridi, mashine za kupasha nyumba zinapokausha hewa hadi midomo ya watu inapasuka, nalazimika kuongeza maji kila baada ya siku chache na kufunika sehemu ya wavu wa juu kwa karatasi ya aluminiamu. Wakati wa kiangazi, chenye joto la kunata, huenda nisiongeze chochote kwa majuma.

Lakini makumbi yanafeli katika kipimo changu, na sitaki kulificha hilo kwa kuwa nayatumia. Ni meusi. Mkojo ulioingia ndani yake hauonekani. Kinachoonekana ni bonge jeupe peke yake, na likichanganyika na vipande au likifukiwa na chatu anapozunguka, umelikosa. Dawa yake ni kazi ya mikono: kila juma nachukua koleo dogo na kugeuza tabaka la juu la kizimba kizima, kuanzia kwenye kona anayoipenda, kwa sababu chatu wengi wana kona yao ya kujisaidia nao huirudia. Harufu kali inayochoma pua maana yake nimechelewa. Anayejijua kuwa hatapata nafasi ya kugeuzageuza hivyo, ni heri amtandikie chatu wake karatasi na kumwekea boksi lenye mosi (mimea laini inayonywa maji kama sifongo) yenye unyevu ndani, kuliko kumwekea makumbi mazuri ya kutazamwa.

Karatasi yenyewe, iwe tishu za jikoni au gazeti, sina mengi ya kusema juu yake ila kwamba hakuna kitu kinachoonyesha uchafu vizuri zaidi. Nyoka yeyote mgeni anapaswa kuanza kwa karatasi nyeupe wakati wa karantini, kwa mwezi mmoja angalau na ikiwezekana mitatu, ili kinyesi chake kionekane, mkojo wake uonekane, na utitiri uonekane. Kwa boa wa mchanga karatasi bapa ni mateso, kwa hiyo mchanie vipande virefu awe na cha kuingia ndani yake.

Mchanga ndio unaowapotosha watu kwa sababu ya jina la nyoka huyu. Makazi yake halisi ni udongo uliochanganyika na mchanga na mizizi, na mchanga mtupu wa kizimbani ni mzito, haushiki njia, hugandamana ukipata mkojo, na kumwaga kizimba kizima cha mchanga uliotumika ni kazi ya kuvunja mgongo. Anayetaka sura ya asili achanganye udongo usio na mbolea na mchanga uliooshwa. Mchanga wa rangi uliotengenezwa kwa kalsiamu, ule unaonadiwa kuwa ukimezwa huyeyuka tumboni, siununui hata kwa bei ya bure, kwa maana hugandamana ukilowa, na tumbo la nyoka limelowa. Magome ya mti uitwao fir kwa Kiingereza, wa misitu ya magharibi, na vipande vya sipresi vinashika unyevu vizuri na vinamfaa chatu, ila huku kwangu havina tofauti kubwa na makumbi kiasi cha kunifanya nihame.

Mwerezi usiingie nyumbani kwa mfugaji wa nyoka. Harufu yake nzuri, ile ile inayofukuza nondo kabatini, inatokana na kemikali zinazopaa hewani na kuumiza mapafu, na nyoka katika boksi la kioo hana pa kukimbilia. Kuhusu msonobari uliokaushwa kwa tanuri kuna ubishi miongoni mwa wafugaji, kwani kukausha hupunguza mafuta hayo. Mimi sioni haja ya kuingia katika ubishi huo wakati aspeni ipo kwenye rafu ile ile. Kuwa mwangalifu zaidi katika maduka ya vifaa vya mifugo, ambako marobota makubwa ya maranda yana nafuu ya bei kwa kila lita lakini mara nyingine ni mchanganyiko wa mbao, na mengine yametiwa manukato kwa ajili ya zizi la farasi. Lebo ikisema maranda tu bila kutaja mti, rudisha.

Sasa usafishaji. Uchafu unaoonekana hutolewa siku hiyo hiyo pamoja na kiganja kizima cha matandazo yaliyouzunguka, kisha sehemu hiyo hujazwa mapya. Aspeni hubadilishwa yote kila baada ya wiki nne hadi nane kutegemea ukubwa wa nyoka na ulaji wake. Makumbi yanayogeuzwa vizuri hukaa miezi miwili au mitatu. Siku ya kubadilisha yote, nyoka huwekwa katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachofungika na matundu ya hewa, si katika foronya kama wengine wafanyavyo, maana foronya huanguka na hukanyagwa. Matandazo huingia katika mfuko wa taka na kufungwa kabla ya jambo jingine.

Kosa la kawaida ni kumwaga dawa juu ya uchafu. Jiki, kama dawa nyingine nyingi za kuua vijidudu, hupoteza nguvu ikikutana na kinyesi na mabaki ya matandazo, kwa hiyo kazi halisi ni ile ya sabuni, maji ya moto na brashi. Dawa huja juu ya kioo ambacho tayari ni safi kwa macho. Ile asidi nyeupe ikikauka kwenye kioo hushika sana: iwekee kitambaa kilicholowa kwa muda, italainika na kutoka bila kukwangua. Baada ya hapo, jiki sehemu moja kwa maji sehemu kumi, dakika kumi bila kuguswa, kusuuza mara kadhaa, na kukausha mpaka harufu iishe kabisa. Nyumba yenye watu wasiopenda harufu hiyo inaweza kutumia klorheksidini iliyozimuliwa, au F10SC, dawa ya mifugo iliyotengenezwa Afrika Kusini ambayo waganga wengi wa reptilia wanaiamini, na ambayo kwa usafi wa kawaida huzimuliwa mililita 2 kwa lita moja ya maji. Hizi mbili ndizo ninazozipenda zaidi, kwani zinasuuzika kwa urahisi na hazichomi koo. Dawa za sakafu zenye harufu ya msonobari na nyingine zenye fenoli zisikaribie kizimba, kwa sababu ni sumu kwa reptilia hata kwa mabaki yake. Na jiki isichanganywe kamwe na dawa yenye amonia, kwa sababu gesi inayotoka inaumiza mapafu ya msafishaji kabla ya kumfikia nyoka.

Magogo na matawi hayasuuziki vizuri, maana mbao hunywa dawa na kuirudisha polepole. Yangu hupigwa brashi kwa maji ya moto, hukaushwa, kisha huingia katika oveni ya nyuzi 120 za Selsiasi kwa muda wa nusu saa huku nikiwa nimesimama pale pale jikoni, kwa sababu mbao ni mbao. Matandazo yenyewe sitii katika oveni wala maikrowevu. Hayo ni kuni.

Utitiri wa nyoka, Ophionyssus natricis, unastahili kutajwa katika mapitio ya matandazo kwa sababu haukai juu ya nyoka wakati wote. Hunyonya damu, hushuka, na kutaga mayai katika nyufa na ndani ya matandazo, ndiyo maana anayemtibu nyoka bila kutupa matandazo yote hutibu bila kumaliza. Dalili ya kwanza mara nyingi ni vitone vyeusi vilivyozama kwenye chombo cha maji, na nyoka anayekaa ndani ya maji hayo siku nzima. Duka ambalo limepanga mifuko ya maranda chini ya vizimba vya nyoka wake linaweza kukuuzia utitiri pamoja na mfuko, kwa hiyo mifuko yangu yote hupita kwenye friza kwa siku mbili kabla ya kufunguliwa. Mfuko uliotoboka siununui.

Kisha kuna salmonela, ambayo reptilia wenye afya kamili huibeba matumboni bila dalili. Ndiyo iliyosababisha serikali ya Marekani mwaka 1975 kupiga marufuku uuzaji wa kasa wadogo wenye gamba lisilofika inchi 4, baada ya watoto kuugua. Taasisi ya afya ya CDC inashauri vifaa vya vizimba visioshewe jikoni wala mahali chakula kinapoandaliwa, na kwamba nyumba zenye watoto chini ya miaka 5, wazee wa miaka 65 na zaidi au wagonjwa wenye kinga dhaifu zitafute mnyama mwingine. Mimi huoshea nje kwa mpira wa maji, na wakati wa baridi kwenye sinki la kufulia lililoko chini ya nyumba, ambalo nalo hutiwa jiki baadaye. Kupepeta maranda yaliyotumika ili kuokoa nusu yake, kama baadhi ya wafugaji wabahili wafanyavyo, ni kuipuliza salmonela hiyo usoni.

Kwa gharama, chatu ndiye mzigo. Kizimba chake cha sentimita 120 kwa 60 kikitandikwa kina cha sentimita 7 kinahitaji lita 50, yaani matofali saba, na kuyanunua moja moja ni kupoteza fedha wakati pakiti ya matatu au tofali kubwa la kilo kadhaa hupunguza bei kwa kila lita. Tofali kavu lisilofunguliwa halina haraka ya kuharibika, kwa hiyo hakuna hasara kuweka akiba kabla ya majira ya baridi. Aspeni pia hukaa, mradi mfuko umefungwa na umeinuliwa kutoka sakafu ya saruji, maana huko chini ya nyumba unyevu hupanda kutoka sakafuni na mfuko uliofunguliwa nusu huanza kuota ukungu hata kabla haujamwona nyoka. Makumbi yaliyotumika, baada ya mabonge yenye uchafu kutolewa, nayatia kwenye maua ya mbele ya nyumba, ambako hushika maji vizuri. Katika bustani ya mboga siyatii.